Kiti au Macho?

Andiko: Marko 10:35–52
Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Mhubiri: Mchungaji Msaidizi



Mpendwa, fungua Biblia yako Marko sura ya 10, uweke kidole hapo. Tutarudi. Kwanza wacha tuzungumze juu ya viti.

Sisi watu wa nchi hii tuna mambo na viti. Kwa matatu tunang'ang'ania kile cha mbele, kando ya dereva. Kwa harusi tunaangalia kwanza meza ya wakubwa iko wapi, ndipo tunajua chakula kitaanzia upande gani. Hata hapa kanisani yuko ndugu, simtaji jina, mgeni akikaa mahali pake, ibada nzima hatoi hata Amina moja. Mnacheka, lakini mnamjua.

Mama yangu mzazi naye ana mambo yake na viti. Mimi nimekua nikisafiri naye kwa basi, Kakamega kuja Nairobi, Nairobi kurudi Kakamega. Kabla hajapanda, kabla hajauliza hata nauli, alikuwa anamuuliza makanga swali moja: "Jua litakuwa upande gani?" Asubuhi tukija Nairobi, sharti tukae kulia, kwa sababu jua liko mashariki, litapiga upande wa kushoto. Mama hakusoma jiografia kupita darasa la saba. Lakini alijua kitu ambacho mimi na digrii yangu nilikuja kukisahau: kiti kizuri saa moja asubuhi si lazima kiwe kizuri saa kumi jioni.

Nilifanya hesabu zote

Disemba iliyopita ndugu yangu mdogo alikuwa anaoa Mombasa. Nikasema moyoni, mama amenisomesha, amepanda mabasi maisha yake yote, safari hii mama ataenda kwa ndege. Na si ndege tu. Mama atakaa dirishani, na ataona Mlima Kilimanjaro.

Wale wanaosafiri wanajua. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, ndege inaelekea kusini-mashariki, na mlima unabaki upande wako wa kulia. Ukirudi Nairobi, unakuwa kushoto. Mlima wenyewe uko Tanzania, mita 5,895, lakini siku ikiwa safi unauona kana kwamba unaweza kunyoosha mkono uguse. Unaona Kibo na theluji yake, na kando yake Mawenzi yenye miamba ya kuchongoka. Kwa hivyo kwenda unachagua dirisha la kulia, kurudi unachagua kiti cha herufi A, maana A ni dirisha la kushoto. Halafu uhakikishe hukukaa juu ya bawa, kwa sababu ukikaa hapo utaangalia bati mpaka Mombasa.

Hayo yote niliyachunguza. Mimi nimesomea biashara, hesabu ni chakula changu. Nikaongeza pesa kidogo ili nichague kiti mapema. Dirisha la kulia, nyuma ya bawa, mama. Mimi katikati. Nikajipongeza.

Kitu kimoja tu sikukiangalia. Ndege yetu ilikuwa ya saa kumi jioni.

Sasa fikiria. Saa kumi jioni, mwezi wa Disemba, jua liko upande wa magharibi na limeinamia kusini. Ndege inaenda kusini-mashariki. Jua linaingia wapi? Dirisha la kulia. Lilelile la mlima. Kama tungesafiri asubuhi, jua lingekuwa ng'ambo ya pili, linaumulika mlima mbele ya macho yetu, na mawingu hayajaupanda bado. Jioni ile tulikuwa na upande sahihi na saa isiyo sahihi. Watu wa Mungu, hiyo sentensi ibebe uende nayo nyumbani: unaweza kuwa na upande sahihi na saa isiyo sahihi.

Tukapaa. Baada ya muda nikaona kitu kama kivuli kikubwa nyuma ya mwangaza, mawingu yamekizunguka. Nikainua kile kifuniko cha dirisha mpaka juu kabisa. Nikamwambia, "Mama, angalia! Angalia mlima!"

Mama akageuza uso. Akachukua leso yake, akajifunika kichwa mpaka kwenye macho.

Nikadhani hakusikia. Nikarudia. "Mama, si uangalie, utapitwa!" Akasema polepole, "Nimeangalia, baba. Mzuri." Na leso iko usoni.

Wacha niwaambie ukweli, maana madhabahu si mahali pa kujipamba. Nilikasirika. Sikusema kitu, lakini ndani nilikasirika. Nikaanza kupiga hesabu ya nauli. Nikasema, huyu mama hashukuru. Nimempa kiti ambacho watu wanakililia, na yeye anajifunika kama mtu aliye matangani. Dakika zote zilizobaki sikumwongelesha. Mchungaji wenu. Nikaweka vipokea sauti masikioni, nikasikiliza nyimbo za sifa.

Mtoto wa jicho

Harusini, jioni, mama alijikwaa kwenye ngazi ya ukumbi, ngazi ambayo ilikuwa mbele yake wazi kabisa. Shemeji yangu ni muuguzi. Yeye hakuuliza kwa nini amejikwaa. Alimshika mkono, akamkalisha, akamuuliza, "Mama, taa hizi unazionaje?" Mama akasema kila taa ina duara kuizunguka, na jua likimpiga ni kama mtu amemwagia maji ya sabuni machoni.

Tulipomfikisha kwa daktari wa macho jibu lilikuja haraka: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alinieleza hivi. Ndani ya jicho kuna lenzi, safi kama kioo. Ikianza kuingia ukungu, mwangaza haupiti sawasawa, unatawanyika. Kwa hivyo mtu mwenye mtoto wa jicho hateswi na giza peke yake. Hata mwangaza unamtesa. Jua kali, taa za gari usiku, dirisha lililo wazi. Ugonjwa huu ndio unaoongoza duniani kwa kupofusha watu, na mara nyingi upasuaji unaurekebisha: ile lenzi yenye ukungu inatolewa, nyingine inawekwa.

Nilikaa kwenye benchi pale nje ya chumba cha daktari, na mambo yakaanza kurudi moja moja. Kwa nini mwaka mzima tukifanya maombi ya jioni alikuwa anasema, "Soma wewe, mimi nitasikiliza." Kwa nini kila mwisho wa mwezi nikimtumia pesa, alikuwa anamwita mjukuu amsomee ujumbe wa M-Pesa. Kwa nini aliacha kwenda sokoni saa sita. Mimi nilikuwa natuma pesa, napata ule ujumbe wa kuthibitisha, nasema moyoni, mama yuko sawa. Risiti ilikuwa inaniambia pesa zimefika. Haikuwa inaniambia mama anaendeleaje.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukutuambia?"

Akasema, "Mlikuwa mnajenga. Halafu kukawa na harusi. Nikasema harusi ipite."

"Na kwenye ndege? Si ungeniambia jua linakuumiza tubadilishane viti?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ulikuwa umefurahi sana, baba. Lakini ungeniuliza."

Ungeniuliza! Wapendwa, nimesoma vitabu vingi vya biashara. Somo la kwanza kabisa, kabla ya mtaji, kabla ya faida na hasara, ni hili: usimletee mteja bidhaa kabla hujamuuliza anahitaji nini. Nilipata alama nzuri kwa somo hilo. Na sikulitumia kwa mwanamke aliyelipa karo yangu.

Swali moja, watu wawili

Sasa rudi pale ulipoweka kidole.

Marko 10, kuanzia mstari wa 35. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wanamjia Yesu. Wana ombi. Na Yesu, mstari wa 36, anawauliza wanataka awafanyie nini. Wanajibu: viti. Wanataka kuketi mmoja mkono wake wa kuume na mwingine wa kushoto, katika utukufu wake. Kwa lugha ya siku hizi, wanataka kuweka nafasi mapema, madirisha yote mawili. Ukisoma Mathayo 20 utakuta mama yao ndiye aliyekwenda kuomba. Mama anatafutia watoto viti. Mimi nilikuwa mtoto ninayemtafutia mama kiti. Jamaa ni ileile.

Sasa shuka mpaka mstari wa 46. Wako Yeriko, wanatoka mjini. Kando ya njia kuna kipofu, Bartimayo, anaomba. Anapiga kelele. Watu wanamwambia anyamaze. Anazidisha. Yesu anasimama, anasema aitwe. Na mstari wa 51 Yesu anamuuliza swali. Swali gani? Lilelile! Alilowauliza wana wa Zebedayo mstari wa 36 ndilo analomuuliza kipofu mstari wa 51: anataka amfanyie nini. Sura moja, swali moja, watu wawili tofauti. Wale wenye macho mazima wakaomba viti. Huyu asiye na macho akaomba kuona.

Hebu jiulize kwa haki: kama Yesu angekuuliza wewe leo, ungeomba kiti au ungeomba macho?

Kwa sababu maombi yetu mengi, tuseme ukweli, ni ya viti. Bwana, nipe ile nafasi kazini. Bwana, nipe plot upande ule barabara inapopita. Bwana, nipe mume wa kukaa naye mbele. Si vibaya kuomba. Lakini unaweza kupewa kiti cha dirishani, mlima uko nje, na usiuone, kwa sababu shida haikuwa kiti. Shida ilikuwa macho. Na unaweza, kama mimi, kuwa na macho ya kusoma ramani mpaka uone mlima ulio nchi nyingine, na usimwone mama yako aliye sentimita chache kutoka begani kwako.

Kati yetu sisi wawili kwenye ndege ile, nani alikuwa kipofu?

Utukufu una jua lake

Angalia pia jibu la Yesu kwa wale ndugu wawili. Mstari wa 38 anawaambia hawajui wanachoomba. Anawauliza kama wataweza kukinywea kikombe chake na kubatizwa ubatizo wake. Wanajibu haraka haraka kwamba wataweza. Hawaulizi kikombe chenyewe kina nini.

Wao waliona mandhari. Yesu alikuwa anajua jua litakuwa upande gani. Nenda Marko 15:27 uone ni akina nani waliokuwa mkono wake wa kuume na mkono wake wa kushoto siku ile. Wanyang'anyi wawili, misalabani. Na nenda Matendo 12:2 uone kikombe cha Yakobo: upanga wa Herode. Sisemi hivi kuwatisha. Nasema kila kiti chenye mandhari kina saa ambayo jua linakiingia. Kiti cha mchungaji kinacho. Kiti cha mwajiri kinacho. Ndoa inayo. Ile kazi ya ng'ambo ambayo ajenti amekuonyesha picha yake, inayo.

Kijana unayesikiliza ama unayesoma karatasi hii, usiulize tu, "Nitaona nini nikikaa hapo?" Fanya kama mama yangu kwa makanga. Uliza, "Jua litakuwa upande gani saa nitakayosafiri?" Huo si ukosefu wa imani. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anamsifu mtu anayekaa chini kwanza akahesabu gharama ya mnara. Ukishajua jua liko wapi, na Bwana amesema kaa hapo, basi kaa. Vaa kofia, shusha kifuniko, lakini kaa. Maana kuna viti tunavikalia kwa sababu ya pendo, si kwa sababu ya mandhari.

Aliyeketi akasimama

La mwisho, nifunge.

Kuna kitu nilikuwa sijawahi kukiona katika sura hii mpaka mwaka huu. Wana wa Zebedayo walikuwa wanatembea na Yesu, wakaomba kuketi. Bartimayo, mstari wa 46, alikuwa tayari ameketi. Alikuwa na kiti chake, kando ya njia, mahali anapojulikana. Na alipoitwa aliruka, akatupa vazi lake, akaenda. Baada ya kuona, mstari wa 52, hakurudi kukaa wala hakuomba kiti. Alimfuata Yesu njiani. Njia ipi? Mstari wa 32 unasema walikuwa wanapanda kwenda Yerusalemu. Njia ya msalaba. Mtu aliyepewa macho aliiona njia ile, na bado akaifuata kwa miguu.

Na tena: Yesu hakujua kwamba yule mtu ni kipofu? Alijua. Kila mtu pale alijua. Kwa nini basi alimuuliza? Mimi naamini ni kwa sababu pendo linauliza. Umati ulikuwa umeshaamua kwa niaba ya Bartimayo kwamba anyamaze. Bwana wa utukufu akasimama akamuuliza mwombaji wa barabarani anataka nini, kisha akangoja jibu. Kama yeye ajuaye yote aliuliza, mimi ni nani nisiulize?

Tulichanga na ndugu zangu. Mwezi wa tano mama alifanyiwa upasuaji jicho la kulia. Kesho yake walipotoa bandeji, nilikuwa nimesimama mbele yake. Akaniangalia kwa muda mrefu. Mimi nikangoja neno la baraka. Akasema, "Kumbe umeanza mvi."

Nilicheka, halafu nikatoka nje nikalia. Zile mvi zina miaka miwili.

Nikamuuliza, safari hii nikauliza, kama angependa tupande tena ndege ya asubuhi, upande wa kulia, auone ule mlima vizuri. Akasema hapana. Anataka kurudi nyumbani akaone kama mahindi yake yamepaliliwa kweli ama amekuwa akidanganywa.

Tulirudi kwa basi. Yeye ndiye aliyechagua kiti. Jicho la kushoto bado. Tunaendelea kuchanga, na tunamwamini Bwana.

Wiki hii

Naomba ufanye mambo matatu.

Moja. Mpigie simu mzazi wako, ama mtu anayekutegemea. Usitume pesa kwanza. Uliza, "Ungependa nikufanyie nini?" Halafu unyamaze mpaka ajibu. Akisema "niko sawa tu," uliza mara ya pili.

Mbili. Kama una mzee nyumbani anayelalamikia jua, ama anayeona duara kwenye taa, ama ameacha kusoma Biblia yake, usiseme ni uzee. Mpeleke akapimwe macho.

Tatu. Andika ombi moja unalomwomba Mungu kwa sasa. Chini yake andika: hiki ni kiti, ama haya ni macho?

Tuombe

Bwana Yesu, mwana wa Daudi, uturehemu. Tumekuja kwako mara nyingi tukitaka viti. Leo tunaomba macho. Tuone walio karibu nasi kabla ya kutafuta yaliyo mbali. Tusamehe pale tulipowapa watu zawadi zetu bila kuwauliza shida zao. Wale waliojifunika leso zao kimya kimya ili sisi tufurahi, Bwana, tuonyeshe ni akina nani, na utupe ujasiri wa kuuliza. Nasi tukishaona, tukufuate njiani. Katika jina la Yesu, Amina.